B.J. Palmer: Aliyetafuta chanzo cha maradhi yote katika mfupa mmoja wa shingo

NI jambo la kawaida katika vibanda vya vinyozi mtaani Jericho, na kwingineko Eastlands jijini Nairobi, mteja kukandwa kichwa na mabega baada ya kunyolewa. Wapo vinyozi wasioishia hapo. Hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, kisha huizungusha shingo ghafla hadi mifupa ilie. Mteja hucheka, hulipa na kwenda zake akijihisi mwepesi.

Wachache mno wanajua kwamba zaidi ya karne moja iliyopita, mlio kama huo ulizaa taaluma nzima nchini Marekani, ukaitajirisha familia moja na kuigawanya familia hiyo hiyo. Pia uliacha swali ambalo mitambo ya leo inayopiga picha za pande tatu haijalimaliza.

Taaluma hiyo ni kiropraktiki, yaani tiba ya kurekebisha pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Aliyeitangaza duniani, na ambaye ndiye hasa aliyeyaelekeza macho ya wenzake kwenye sehemu ya juu kabisa ya shingo, alikuwa Bartlett Joshua Palmer, maarufu kama B.J., aliyefariki mwaka 1961.

Mkazi wa Jericho hahitaji kuhubiriwa umuhimu wa shingo. Mtaa huo uliojengwa na Baraza la Jiji karibu na wakati wa Uhuru, hatua chache kutoka barabara ya Jogoo, ni makao ya watu wanaokula jasho la viungo vyao. Kuna wachukuzi wa mizigo sokoni, mafundi wa nguo wanaoinamia cherehani kutwa, wasukuma mikokoteni na wanasoka wanaopiga mipira kwa vichwa katika uwanja wa Camp Toyoyo.

Mwaka 1986, kundi la wanasayansi akiwemo Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wale wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda unaopita kichwani karibu na paji la uso. Ilibainika kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzani wao bila miili yao kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ng'ombe, walinena wahenga, haelemewi na nunduye.

Hata hivyo, shingo hiyo yenye nguvu za ajabu ina mahali palipo pembamba. Pingili yake ya kwanza, iitwayo atlasi, ni pete tu ya mfupa inayokaliwa na fuvu. Ya pili, aksisi, ina jino la mfupa linalochomoza na kupenya ndani ya pete hiyo mithili ya bawaba ya mlango. Takriban nusu ya uwezo wa binadamu kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoka kwenye kiungo hicho kimoja.

Katikati ya pete hupita ugwe wa mgongo, ambao ndio njia kuu ya mawasiliano kati ya ubongo na mwili. Kandokando, kupitia matundu ya mifupa, hupanda mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Ni juu ya eneo hili dogo, lisilozidi upana wa kiganja, ambapo B.J. Palmer alijenga imani, shule na utajiri wake.

Alizaliwa Septemba 14, 1882 katika mji mdogo wa What Cheer, jimbo la Iowa. Babake, Daniel David Palmer, mzaliwa wa Canada, alikuwa mtu wa kazi nyingi. Alikuwa amefundisha shule, akafuga nyuki na kufanya biashara ya dukani kabla ya kujitangaza kuwa mponyaji kwa nguvu za sumaku katika mji wa Davenport, kando ya mto Mississippi. Mamake B.J. alifariki mtoto akiwa angali mchanga. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kijana huyo alilelewa na mama wa kambo mmoja baada ya mwingine, na babake alikuwa na mkono mwepesi wa kuchapa.

Septemba 18, 1895 ndiyo tarehe ambayo wanakiropraktiki huadhimisha hadi leo. Siku hiyo, Daniel David alimlaza Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa akifanya usafi katika jengo la ofisi yake, akausukuma uti wake wa mgongo kwa mkono. Lillard alikuwa kiziwi kwa miaka mingi. Palmer mkubwa alitangaza kuwa mtu huyo alianza kusikia tena.

Madaktari hawakuacha kuuliza jambo hilo lingewezekanaje, kwa kuwa neva ya kusikia haitoki nje ya fuvu wala haipiti shingoni. Lakini Daniel David alikuwa tayari amepata nadharia. Alidai kuwa asilimia 95 ya maradhi husababishwa na pingili zilizoteguka na kuzibana neva. Mwaka 1897 alifungua shule ya kufundisha maarifa hayo.

Kwa sadfa, wiki saba tu baada ya tukio la Lillard, mwanafizikia Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Kabla ya mwaka huo kwisha, alikuwa amepiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe, pete ikionekana kidoleni. Vitu hivyo viwili, tiba ya kusukuma mifupa na miale ya kuionyesha, vilizaliwa karibu siku moja bila kujuana. Aliyevikutanisha alikuwa B.J.

Alihitimu katika shule ya babake mwaka 1902. Miaka miwili baadaye alimwoa Mabel Heath, ambaye naye alisomea taaluma hiyo na kuwa mwalimu wa somo la muundo wa mwili. Wengi waliosoma Davenport walikiri kuwa bila utulivu wa mama huyo, shule ingeporomoka mapema.

Mwaka 1906 Daniel David alitiwa mbaroni kwa kosa la kutibu watu bila leseni na kufungwa jela. Alipotoka, aliikuta shule ikiwa na deni na mwanawe akiwa usukani. Wawili hao waliafikiana, mkubwa akachukua fedha na kuondoka, mdogo akabaki na shule. Hawakupatana tena.

Kilele cha uhasama huo kilikuwa Agosti 1913, mzee aliporejea Davenport wakati wa sherehe za shule na kujipenyeza kwenye maandamano kwa miguu. Ulizuka uvumi kwamba mwanawe alimgonga kwa gari. Daniel David alifariki Los Angeles Oktoba mwaka huo, na cheti cha kifo kikataja homa ya matumbo. Kesi iliyofuata haikufika popote. Hata hivyo, tuhuma za kumuua babake zilimwandama B.J. hadi kaburini, na maadui zake hawakukosa kuzitumia kila walipokosa hoja nyingine.

Ikumbukwe kuwa taaluma yenyewe ilikuwa vitani. Mwaka 1907 katika mji wa La Crosse, Wisconsin, mhitimu wa Davenport kwa jina Shegataro Morikubo alishtakiwa kwa kutibu bila idhini. Wakili wake, Tom Morris, alijenga hoja kwamba kiropraktiki si udaktari bali ni sayansi nyingine kabisa yenye falsafa yake. Mshtakiwa aliachiliwa. Kansas ikawa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya leseni mwaka 1913, na la mwisho, Louisiana, likasubiri hadi 1974.

Kutokana na kesi hiyo, B.J. alijifunza kwamba taaluma yake ingeishi iwapo tu ingeonyesha kuwa ina kitu chake yenyewe, kitu kisichokuwa mikononi mwa madaktari. Kitu hicho kilikuwa pingili iliyoteguka. Lakini nani alikuwa ameiona?

Ndipo mwaka 1910 aliponunua mtambo wa eksirei na kuufunga shuleni. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Enzi hizo picha zilipigwa kwenye vioo vizito, mgonjwa akitakiwa kutotikisika kwa muda mrefu, na hakuna aliyejikinga ipasavyo. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, alikuwa amefariki mwaka 1904 baada ya miale hiyo kumwozesha mikono.

Lakini si hatari hiyo iliyowaudhi walimu wa Davenport. Wao walihisi kuwa mikono ya mnyooshaji ilitosha, na kwamba kuleta mashine ya madaktari kulikuwa kuisaliti imani. Baadhi yao, wakiongozwa na Joy Loban, waliondoka pamoja na wanafunzi na kufungua chuo pinzani katika mji huo huo. B.J. hakuwarudia. Kwake, picha ilikuwa shahidi ambaye mahakama isingeweza kumpuuza.

Mtu huyo hakuwa wa kawaida. Alifuga nywele hadi mabegani, akavaa suti nyeupe na tai pana inayopepea, akajaza kuta za shule misemo yake mwenyewe iliyopakwa rangi. Alisafiri duniani na kurudi na sanamu, silaha na vitu vya kale, kisha akavipanga katika bustani aliyowatoza watu kiingilio kuitembelea. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanafunzi wake walizidi 2,000.

Mwaka 1922 alinunua kituo cha redio cha WOC, mojawapo ya vituo vya kwanza katika eneo la kati la Marekani, kisha akaongeza WHO cha Des Moines. Mmoja wa vijana walioanza kazi ya utangazaji wa michezo katika vituo hivyo mwaka 1932 alikuwa Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Kwa mfanyabiashara kama huyo, kuyatenganisha mahubiri na matangazo ya biashara kulikuwa kazi ngumu, naye hakujaribu sana.

Tabia hiyo ilimponza mwaka 1924. Alileta kifaa kilichoitwa niurokalometa, kilichopima tofauti ya joto kati ya upande mmoja wa uti wa mgongo na mwingine, akadai kuwa bila chenyewe hakuna anayeweza kujua pingili ipi imeteguka. Hakukiuza. Alikikodisha kwa zaidi ya dola 2,000, fedha ambazo wakati huo zingenunua magari kadhaa ya Ford. Wafuasi wake waligutuka. Maelfu waliokuwa wamemwona kama nabii walianza kumwona kama mchuuzi, chama chake kikapasuka, na wanafunzi wakapungua mno.

Ni katika miaka hiyo ya upweke ambapo alizama shingoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, B.J. alifikia hitimisho lililowashangaza hata waliobaki naye. Alisema pingili za chini zimefungana kwa namna ambayo haziwezi kuteguka kwa kiwango cha kuidhuru ugwe, bali atlasi na aksisi peke yake, ambazo hazina diski baina yake, ndizo zinazoweza. Kwa hivyo maradhi yote yalikuwa na mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa juu ya shingo. Aliiita njia hiyo kwa jina lililotoka kwenye gofu, akimaanisha mpira unaoingia shimoni kwa pigo moja. Mwaka 1934 alichapisha kitabu kikubwa kuieleza, na shuleni kwake akapiga marufuku ufundishaji wa kusukuma pingili nyingine.

Hapo ndipo tatizo la picha lilipojitokeza. Atlasi ni mfupa mgumu kupigwa picha. Ukimpiga mgonjwa kutoka mbele, taya na meno huifunika. Ukimpiga kutoka ubavuni, mifupa ya kulia na kushoto hulaliana na kuwa kivuli kimoja. Isitoshe, picha ya eksirei ni bapa. Mfupa uliosogea kwenda mbele na mfupa uliozunguka vinaweza kuacha kivuli kinachofanana.

Jawabu la B.J. na wasaidizi wake lilikuwa kupiga picha mbili mbili. Baada ya ya kwanza, mtambo ulisogezwa kidogo kando na picha ya pili kupigwa, mgonjwa akiwa hajatikisika. Picha hizo ziliwekwa kwenye kifaa chenye vioo, kila jicho likatazama ya kwake, na ghafla mfupa ukaonekana umejitokeza hewani wenye kina, mbele na nyuma.

Fundi wa nguo sokoni Jericho anaijua siri hiyo bila kufundishwa. Akifumba jicho moja, uzi hukataa kuingia kwenye tundu la sindano, kwa sababu kina huonekana kwa macho mawili yanayotazama kutoka pembe tofauti. Zaidi ya miaka 30 kabla ya tarakilishi kuingia hospitalini, Davenport ilikuwa tayari inatazama shingo kwa pande tatu. Kwa hilo anastahili sifa.

Mwaka 1935 alifungua kliniki ya utafiti na kuijaza vipimo. Aliwaajiri hata madaktari wa kawaida kuwapima wagonjwa kabla na baada ya kurekebishwa. Palikuwa na mashine aliyoamini inapima mawimbi yanayotoka kwenye ubongo kwenda mwilini, yenye jina la Kiingereza refu kiasi kwamba mtu angeweza kuvuka barabara ya Jogoo kabla hajamaliza kulitamka.

Kliniki hiyo ilipima mengi, ila haikupima lile lililohitajika zaidi. Wagonjwa wake walikuja, wakapigwa picha, wakasukumwa, wakapigwa tena. Hapakuwa na kundi la pili la wagonjwa waliofanana nao ambao hawakusukumwa, ili ijulikane nani angepona kwa kupumzika tu. Picha ilionyesha mfupa uko wapi. Kwamba mfupa huo ndio ulioleta ugonjwa, B.J. alikuwa ameshaamini kabla ya kuwasha mtambo.

Wanafunzi wake walizidi kuiboresha hesabu. John Grostic, mhitimu wa Davenport, alibuni namna ya kuchora mistari juu ya picha na kupima pembe za atlasi kwa digrii. Mwenzake Ralph Gregory aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1966 kikaundwa chama cha wataalamu wa shingo ya juu pekee, ambacho kingali kipo Marekani.

Mabel alifariki mwaka 1949. B.J. alihamia Florida sehemu kubwa ya mwaka, akaendelea kuandika vitabu kwa kasi ileile, na kufariki mjini Sarasota Mei 27, 1961 akiwa na umri wa miaka 78. Mwanawe David alirithi shule, akaibadilisha jina na kuifanya chuo chenye mitaala ya kawaida. Uhasama na madaktari uliendelea hadi mwaka 1987, ambapo mahakama ya Chicago iliamua kuwa Chama cha Madaktari cha Marekani kilivunja sheria kwa kula njama ya kuisusia kiropraktiki. Hukumu hiyo ilihusu ushindani wa haki. Haikusema lolote kuhusu iwapo atlasi iliyoinama huleta maradhi.

Teknolojia aliyoitamani ilifika baada yake. Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria suala la kuchora ndani ya mwili kwa hesabu alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyeunda mtambo wenyewe, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London mwaka 1971. Wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, ulibuniwa mtambo mdogo zaidi kwa ajili ya madaktari wa meno. Mgonjwa huketi au kusimama, na mtambo huzunguka kichwa chake mara moja kwa muda usiozidi dakika, ukipiga mamia ya picha bapa. Tarakilishi huziunganisha na kuunda umbo moja ambalo mtaalamu anaweza kuligeuza na kulikata vipande kama mkate, kutoka juu, mbele au ubavuni. Taya na meno havizibi tena chochote. Mtambo wa aina hii umeingia Nairobi kupitia kliniki za meno, na huko Marekani wanakiropraktiki wa shingo ya juu wameukumbatia kama jibu la maombi ya B.J.

Faida zake si za kudharau. Kwa mtu mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, kano zinazoishikilia aksisi zinaweza kuwa zimelegea, na msukumo mmoja ukaua. Wapo pia waliozaliwa na pingili zilizoungana, au wenye kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa ambao haujatoweka Eastlands. Picha nzuri humzuia mnyooshaji kugusa shingo isiyopaswa kuguswa, na pengine hiyo ndiyo kazi yake bora zaidi.

Lakini swali la Davenport limebaki palepale. Picha ya pande tatu hupima mteguko wa nusu digrii, ilhali mgonjwa akigeuza kichwa kidogo kitini, kipimo hubadilika. Zaidi ya hayo, watu wengi wasioumwa kitu huonekana wakiwa na atlasi iliyoinama. Hadi leo hakuna ushahidi madhubuti kwamba kuipima pembe hiyo na kuirekebisha huponya maradhi ya ndani kama B.J. alivyofundisha. Kuna ushahidi wa wastani kuwa tiba ya mikono huweza kupunguza maumivu ya shingo na baadhi ya maumivu ya kichwa, jambo ambalo ni tofauti.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Chicago uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wagonjwa wa shinikizo la damu waliorekebishwa atlasi walipungukiwa na shinikizo kwa kiwango kikubwa ndani ya wiki nane. Walikuwa watu 50 pekee, na watafiti wenyewe waliuita wa majaribio. Mgonjwa wa Nairobi anayetupa vidonge vyake vya shinikizo kwa sababu ya habari hiyo anauweka uhai wake rehani kwa takwimu za watu wachache mno.

Miale nayo ina gharama. Mtambo mdogo hutumia miale michache kuliko skani kubwa ya hospitali, ila mara nyingi ni zaidi ya eksirei ya kawaida, na shingoni ndiko iliko tezi inayoathirika upesi, hasa kwa watoto. Nchini Kenya, mtambo wowote wa eksirei hutakiwa kuwa na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kibali hicho, na kuuliza pia picha hiyo itabadilisha nini katika matibabu yake. Mtu anayetakiwa kupigwa picha kila baada ya wiki chache ili tu mfupa ulinganishwe anafaa kutafuta ushauri wa daktari mwingine.

Na ile mishipa miwili ya damu? Ndiyo huwatia hofu madaktari wa neva. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda na kipande kikapanda ubongoni. Matukio haya ni nadra, na wataalamu wangali wanajadili ni mangapi yalisababishwa na msukumo wenyewe na ni mangapi yalikuwa yameshaanza, mgonjwa akienda kunyooshwa kwa sababu ya maumivu yaliyotokana na mchaniko huo. Kwa vyovyote, maumivu mapya ya upande mmoja wa shingo ambayo mtu hajawahi kuyahisi, yakiambatana na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au ulimi kuwa mzito, ni ya kukimbiziwa hospitalini. Si ya mnyooshaji, seuze kinyozi.

Katika chuo alichokiacha Davenport kuna urithi mwingine wa B.J. usiotajwa sana. Katika maisha yake alikusanya maelfu ya mifupa ya uti wa mgongo wa binadamu, mkusanyiko ambao ni miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi maradhi yanavyoiharibu pingili.

Wanaoichunguza mifupa hiyo huona pia jambo jingine. Atlasi moja ina bawa refu upande wa kushoto, nyingine ina tundu dogo kulia, ya tatu imepinda tangu kuumbwa kwake. Mistari ya kupima pembe ikichorwa juu yake, nyingi zingeonekana zimeteguka hata zikiwa zimelala mezani, bila shingo, bila mgonjwa.